Siku ya Tatu, Jembe Liko Wapi?

Kila mkutano mkubwa hapa Kakuma, lazima atokee mtu wa kusema "mgeni siku mbili". Anasimama, anashika maikrofoni, anatabasamu kidogo, anasema, "Ndugu zangu, wahenga walisema mgeni siku mbili." Halafu ananyamaza. Viti vya mbele vinacheka. Sisi wa nyuma tunaelewa: mmekaa sana.

Mimi nimechoka na hii nusu methali. Wahenga hawakuishia hapo. Walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mfukuze. Hawakusema mpange foleni, mpige alama ya kidole, mpe rasheni, kisha umlalamikie kwamba anakula bure. Walisema mpe jembe, yaani mwache aingie shambani pamoja na wewe. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Dadaab ilianza 1991. Piga hesabu mwenyewe siku ya tatu ilipita lini, kisha uniambie jembe liko wapi.

Naandika hivi kwa sababu mwaka jana jembe hilo nililishika. Halikuwa la kulimia, lilikuwa kamba ya boti, na nililishika siku moja tu, kwenye kisiwa cha Wasini, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, kwa familia ya wavuvi inayolaza wageni nyumbani kwake. Tangu nirudi sijatulia.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Mkimbizi alienda bichi! Jirani yangu, mama mmoja wa Burundi, aliniuliza kama jina langu limetoka Marekani au nimeshinda bahati nasibu. Hapana, mama. Nilikuwa nimeitwa kwenye mafunzo ya siku tano ya wakalimani, Ukunda. Pasi yangu iliandikwa Kwale, siku 14. Ninyi mnaijua hesabu ya pasi: toa siku za kwenda, Kakuma, Lodwar, Kitale, Nairobi, Mombasa, kivuko cha Likoni, na kila kizuizi unashuka na karatasi yako mkononi huku abiria wengine wanakutazama dirishani. Toa siku za kurudi, na moja ya ziada, maana basi likiharibika njiani na pasi ikaisha, huo ni msala wako peke yako. Mafunzo yalipoisha nilibaki na siku nne.

Mwenzangu mmoja wa mafunzo, mzaliwa wa Wasini, akaniambia, "Unabaki Ukunda kufanya nini na pesa zinaisha? Twende kwa shangazi yangu. Anapokea wageni."

Tukapanda matatu ya kusini, tukapita Msambweni na Ramisi, tukashukia Kanana, tukachukua boda boda hadi Shimoni. Kutoka Shimoni ni boti. Tulivuka na magunia ya unga, madumu ya maji, wanafunzi wenye sare na kuku wawili. Hata nusu saa haikufika. Kisiwa chenyewe ni chembamba, urefu wake kama kilomita tano, na hakina gari hata moja. Watu wake wa asili ni Wavumba, na Kiswahili chao, Kivumba, mara ya kwanza kilinipita masikioni kama vile changu cha Fizi kinavyowapita Wakenya.

Nyumba ya shangazi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vya wageni ni viwili tu, kila kimoja na kitanda cha kamba, neti na dirisha dogo. Choo kiko uani. Umeme wa sola unatosha taa na simu. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunawa, akaniuliza nimetoka wapi na mama yangu anaitwa nani. Halafu akaniambia masharti yake bila kuzunguka: bei ni hii kwa usiku, chakula ni kile tunachokula sisi, ukitembea kijijini vaa vizuri, pombe hapana, kuoga ni ndoo moja.

Hiyo ndoo moja nitaieleza, kwa sababu ndani yake kuna somo. Wasini haina mto. Kwa vizazi vingi watu wake wameishi kwa maji ya mvua, yanayokusanywa kutoka paani na kuhifadhiwa kwenye birika, na yakipungua wanavusha madumu kutoka bara. Nikamuuliza shangazi anaweza kupokea wageni wangapi kwa pamoja. Akajibu papo hapo, "Wanne. Wakiwa watano maji yanatushinda." Hakuna mtaalamu aliyemfanyia utafiti. Anaijua nyumba yake, anajua uwezo wake na anajua pa kusema basi.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mgeni. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki wa kupaka, jioni baraza la nje na kahawa. Nilienda kutembea kwenye bustani ya matumbawe ambayo akina mama wa kijiji wanaitunza. Ni mawe ya kale ya matumbawe yaliyosimama juu ya nchi kavu kati ya mikoko, na maji yanaingia na kutoka chini yake bahari ikijaa na kupwa. Akina mama hao wamejenga ujia wa mbao juu yake, wanatoza kiingilio, na pesa zinasaidia shule na mambo mengine ya kijiji. Hakuna aliyewaambia kwamba wao ni "walengwa wa mradi". Ni wenye mali.

Siku ya tatu asubuhi mpwa wa nahodha, kijana anayemsaidia botini, aliamka na homa. Nahodha ndiye mume wa shangazi. Kulikuwa na wageni wawili Wazungu wanaotaka kwenda kuona mwamba. Nahodha akanitazama mimi na chai yangu. "Wewe si ulisema umezaliwa ziwani?"

Ni kweli. Mimi ni mtoto wa Baraka, Fizi, Ziwa Tanganyika. Baba yangu alivua ndagala usiku kwa taa. Boti naijua. Lakini tangu nifike Kenya, nina miaka 14 sasa, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza najua nini kabla ya kuniuliza nahitaji nini. Nikaacha chai.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kuvuta kamba, kufua maji yanayoingia botini, kuwashika mkono wageni wakishuka na kupanda. Tulipokaribia mwamba nikainua nanga nitupe, na nahodha akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu baba yangu afariki. Pale nanga haitupwi. Unafunga kamba kwenye boya, kwa sababu nanga moja inavunja kwa sekunde kitu kilichochukua miaka mingi kukua. "Usikanyage pia," akaniambia. "Unaona jiwe, lakini hilo si jiwe, ni mnyama."

Nikavaa miwani, nikatia uso majini. Ndugu zangu, sitajaribu kueleza rangi. Nitasema tu kwamba niliona mji. Pono wanaguguna mwamba hadi unawasikia, changu wamejificha kivulini, samaki wadogo wanaingia na kutoka kwenye matundu kama watoto wanaojua kila mlango wa mtaa. Nahodha alinieleza tukiwa tunasubiri wageni. Tumbawe ni wanyama wadogo sana wanaojenga nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao wamepokea mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo inawalisha kwa jua, wao wanaipa mahali pa kukaa. Maji yakipata joto kupita kiasi, mkataba unavunjika, mimea inatoka, tumbawe linabaki jeupe, na hali ikiendelea linakufa. Mwaka 1998 bahari ya upande huu wote ilipata joto hilo na matumbawe mengi yakafa. Yeye alikuwa kijana. Anasema ilikuwa kama kutazama mifupa. Ulipo mwamba unaopumua leo, ni kwa sababu watu waliuacha upumue: pana hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, na pana wanakijiji wenyewe, ambao wametenga sehemu yao na wamekuwa wakipandikiza vipande vya matumbawe kwa mikono.

Hapo kwenye hifadhi nilijifunza kitu kingine kidogo. Bei za kuingia zilikuwa zimegawanywa kwa makundi: raia, mkazi, asiye mkazi. Nikasoma mara mbili nikitafuta kundi langu. Raia si mimi. Mtalii si mimi. Mkazi? Miaka 14 kwenye nchi moja, kama huo si ukazi sijui ni nini, lakini nani ataniandikia hivyo? Nahodha alinitoa kwenye tatizo kwa neno moja: "Huyu ni baharia wangu."

Jioni shangazi akatoa daftari. Usiku wa kwanza aliandika, wa pili aliandika, wa tatu akapiga mstari. "Leo umefanya kazi, leo hulipi." Halafu nahodha akatoa bahashishi waliyoacha wageni, akaigawa, fungu langu akaliweka mezani mbele yangu. Hakunipongeza, hakunipiga picha. Alihesabu tu.

Wewe mfanyakazi wa shirika unayesoma hapa, nisikilize vizuri kwenye hili. Nimekuwa mkalimani kambini miaka sita. Nimekaa katikati ya daktari na mama anayetokwa damu, katikati ya afisa na mtu anayesimulia alivyobakwa. Mwisho wa mwezi napewa kitu kinachoitwa insentivu. Haiitwi mshahara. Mwenzangu mwenye kitambulisho cha taifa akikaa kiti kilekile, anafanya kazi ileile, yeye ana mshahara na mkataba na likizo. Zile noti chache za Wasini zilikuwa pesa yangu ya kwanza tangu niingie nchi hii ambayo jina lake lilikuwa malipo. Nilizishika mpaka zikalowa jasho.

Sasa niseme ninalotaka kusema. Kuna neno tunalitumia hapa kila siku: jamii mwenyeji. Liko kwenye mabango, kwenye ripoti, kwenye hotuba. Ni neno la uongo. Mwenyeji ni mtu anayefungua mlango wake, anayesema bei yake na sharti lake na kiwango chake, anayekuuliza mama yako anaitwa nani. Waturkana wa hapa waliulizwa lini? Nani aliketi nao mwaka 1992 akawaambia, "Ninyi ndio wenye nyumba, mnaweza kupokea wangapi, na mnataka wafanye nini siku ya tatu?" Walikuta tumeshushwa na malori. Na sisi hatukukaribishwa na nyumba yoyote, tuliandikishwa. Wao walinyimwa uenyeji, sisi tulinyimwa ugeni, halafu tukawekwa jirani na tukaambiwa tuishi kwa amani. Tukigombana kisimani, wanaitisha warsha.

Usiku wa nne, tumekaa barazani, niliwaambia kwamba mimi ni mkimbizi. Nilidhani nafichua siri. Bibi mzee wa nyumba ile akajibu bila hata kugeuza kichwa, "Wakimbizi tumewapokea sana hapa."

Alikuwa akisema habari za 2001. Januari mwaka huo polisi waliwapiga risasi waandamanaji kule Pemba na Unguja, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbia kwa mashua na madau, wakavuka mkondo wa Pemba usiku, wakatua Shimoni. Hii si hadithi ya bibi tu, imeandikwa. Fikirini walitua wapi: kwa watu wa lugha yao, dini yao, wavuvi kama wao. Wengine walikuwa na ndugu wa damu hapohapo. Kama kuna mahali duniani ambapo mgeni angepewa jembe hata kabla ya siku ya tatu, ni pale. Lakini utaratibu ulikuwa mmoja: mkimbizi mahali pake ni kambini. Wengi wao wakahamishiwa Dadaab. Wavuvi! Walitolewa kwenye maji wanayoyajua, wakapelekwa jangwani kusubiri rasheni. Baadaye mwaka huohuo vyama vyao viliandikiana muafaka na wengi wakarudi kwao. Nashukuru walirudi. Lakini nauliza: ile miezi jangwani ilimfaidi nani?

Na pwani hiyohiyo ina mfano wa pili. Kuna Wapemba waliohamia upande wa Kenya tangu zamani, wakavua, wakaoa, wakazaa, wakazikwa Kwale na Kilifi. Jembe walilishika wenyewe, karatasi hawakupewa. Bila kitambulisho huwezi kupata leseni ya uvuvi, huwezi kufungua akaunti, mtoto anakwama shuleni. Vizazi vizima vilikaa hivyo hadi 2023, serikali ilipowatambua kuwa raia wa Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Wamakonde walitangulia: 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki hiyo, wakaipata. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Imeshawezekana, na watu wale walitambuliwa kwa sababu waliishi na majirani walioweza kusimama na kusema, "Huyu tunamjua." Mimi, nikiwa ndani ya uzio, nani wa nje atasema ananijua?

Najua majibu mtakayonipa. Nimeyasikia.

La kwanza: Wasini ni biashara, usiichanganye na ukarimu. Ndiyo, ni biashara, na ndiyo maana naipenda. Shangazi hanionei huruma. Nililipa, nikafanya kazi, nikalipwa, tukaagana tukiwa sawa. Huruma ina mwisho wake, na sisi tumeuona: 2025 mgao ulikatwa, halafu tukagawanywa kwa makundi, huyu anapata, huyu nusu, huyu hapati kabisa. Watu waliojenga maisha yetu yote juu ya huruma ya wafadhili walituambia tujitegemee, na bado wakatudai pasi ya kutoka getini. Ujitegemee kwa kufanya nini, na umefungwa mguu?

La pili: idadi. Familia moja inapokea wanne, Kakuma na Kalobeyei tuko karibu 300,000. Sisemi tuhamie Wasini wote, birika la shangazi lingekauka kabla ya adhuhuri. Nasema kwamba kwa sababu kila nyumba ina kiwango chake, watu waachwe waende penye nafasi. Huyu ana binamu Kitale. Yule ni fundi cherehani, Eldoret kuna duka linamhitaji. Mwingine ni mvuvi na Ziwa Turkana liko hapahapa kwenye kaunti. Kuwarundika watu 300,000 kwenye nchi kavu, halafu kulalamika kwamba miti inaisha na maji hayatoshi, ni kama kutupa nanga zote za bahari juu ya tumbawe moja na kulilaumu kwa kuvunjika.

La tatu: usalama. Hili ndilo lililotumika 2014 tulipoamriwa sote turudi kambini. Basi niwaambie usalama nilioukuta Wasini. Jioni ileile niliyofika, shangazi alinipeleka kwa mzee wa kijiji, akamtajia jina langu, nilikotoka na siku nitakayoondoka. Kufikia kesho yake kisiwa kizima kilijua kuna Mkongomani kwa shangazi. Ningefanya baya lolote ningejificha wapi? Mtu anayejulikana kwa jina na majirani hana pa kujificha kama mtu aliye kwenye orodha ndefu.

Na msiniambie sheria imeshabadilika. Nimeisoma. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataja kazi na vibali. Inasema pia kwamba mkimbizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuvua hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili afaidi haki za Jumuiya, na Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Machi 2025 ukazinduliwa mpango wa Shirika, kwamba kambi zigeuke makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Maneno mazuri, nayaunga mkono. Lakini Mkongomani anayeambiwa avue ukimbizi anaambiwa avue koti wakati mvua inanyesha, na vita vya kwetu mnavisikia redioni. Na pasi bado ni pasi. Siku nitakayoweza kupanda basi kwenda Shimoni bila kuomba ruhusa, siku hiyo nitaandika makala ya kushukuru.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika nina ombi ambalo ni mashtaka pia. Wengine mna miaka minne, mitano hapa. Mnatujua kwa ukubwa wa familia na namba ya kadi. Je, umewahi kulala hata usiku mmoja kwenye nyumba ya mkimbizi? Umewahi kula kwake na kumlipa? Najua taratibu zenu, saa kumi na mbili jioni magari yanarudi ndani ya uzio, nyie wenyewe mmefungiwa. Lakini likizo ikifika, nyinyihao mnaruka hadi pwani kutafuta familia halisi, chakula halisi, maisha halisi ya kijiji. Nimewasikia mkisimulia. Hapa kuna mama wa Kihabeshi anayechoma kahawa mbele yako hadi moshi unakupa usingizi mtamu, kuna Wasomali wenye chai ya maziwa na anjera, kuna sisi na ugali wetu wa muhogo na sombe. Kuna nyumba zenye chumba kimoja safi cha ziada. Tuandikeni kama wenyeji kwenye mojawapo ya fomu zenu. Njooni mlipe, mle tunachokula, muoge ndoo moja. Mtarudi ofisini mkiandika ripoti tofauti.

Na sisi je? Nisimalize kama vile sisi ni malaika. Tumezoea ugeni hadi tumesahau kwamba na sisi tunaweza kukaribisha. Wakija wapya kutoka Sudan Kusini au Burundi, tunawatazama kwa jicho lilelile la viti vya mbele: wameongezeka tena. Tunawauzia vibanda kwa bei ya kuwakamua. Na kwa Waturkana tuna aibu kubwa zaidi. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilinunua makaa kwa mama mmoja wa Kiturkana. Alikuja karibu kila wiki na gunia kichwani, akasimama nje ya ua wangu wa miiba, tukabishana bei, akaondoka. Miaka yote hiyo sikujua jina lake. Mimi ninayelalamika kwamba hakuna aliyeniuliza jina la mama yangu.

Kwa hiyo tudai haya, kwa sauti moja na wao. Pasi ziondolewe, mtu aende panapompokea. Kazi ile ile ilipwe kwa jina lile lile: mshahara. Na wenye nchi hii waulizwe kama wenye nyumba wanavyoulizwa, kabla ya lori kushusha watu, na sehemu ya kila shilingi inayoingia hapa kwa jina letu wakae nayo mezani waihesabu wao.

Nilirudi Kakuma siku ya 13, pasi ikiwa na siku moja. Wiki hiyohiyo mama wa makaa akaja. Nikatoka, nikamwambia, "Ejoka, mama. Karibu ndani, kuna chai."

Akanitazama kwa muda, kisha akacheka. "Hii ni nchi yangu," akasema. "Wewe ndiye unanikaribisha?"

Nikamwambia nyumba ni yangu, nchi ni yake, tukae tuone itakuwaje. Aliweka gunia chini. Siku hiyo alikunywa chai akiwa amesimama mlangoni. Wiki iliyofuata aliketi, akaongeza sukari mwenyewe, akaniambia makaa yake yamepanda bei.